Maradhi ya Akili Hayafuti Kipaji
Vijana ninaowafundisha huku Turkana, wa Lodwar na wa Kakuma yenye wakimbizi wa vita tangu 1992, huwasimulia habari za Vivien Leigh. Mwigizaji huyu Mwingereza, aliyezaliwa Darjeeling, India, mwaka 1913, alipata tuzo mbili za Oscar kwa filamu za 1939 na 1951. Mwaka 1953 maradhi ya akili yalimlemea kazini. Nafasi yake akapewa Elizabeth Taylor. Akatibiwa kwa mishtuko ya umeme, akarejea jukwaani, na mwaka 1963 akatuzwa tena Marekani. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1967. Walimu wenzangu, mwanafunzi akiugua hivyo tusimwite mwendawazimu wala kumfukuza. Tumpeleke hospitali, na nafasi yake darasani imngoje.