Henrik Sjögren, daktari wa macho aliyeuliza pia kuhusu kinywa

Mama, je, unashindwa kumeza muhogo au ugali bila kusukumia kwa maji? Macho yanawasha kama yameingia mchanga? Usiseme haraka kuwa ni joto letu la Ubena, au ni umri. Kinywa kikavu huletwa na mambo mengi, yakiwemo kisukari na baadhi ya dawa za presha. Lakini upo pia ugonjwa wa tezi za mate na machozi uitwao Sjögren (tamka Shogreni). Umepewa jina la daktari aliyeuchunguza, na maisha yake yana faida kwako.

Henrik Sjögren alizaliwa Sweden mwaka 1899. Alisomea udaktari Stockholm, akawa daktari wa macho. Karibu na mwaka 1930 alimpokea mwanamke mwenye macho makavu, ambaye kinywa chake pia kilikuwa kikavu na viungo vilimuuma. Angeweza kutibu macho tu na kumruhusu aende. Yeye aliona kuwa malalamiko hayo matatu ni ya ugonjwa mmoja, akaanza kutafuta wagonjwa wengine wa aina hiyo. Mwaka 1933 aliandika tasnifu kuhusu wanawake 19, na 13 kati yao walikuwa na maumivu ya viungo.

Waliomtahini hawakuipa kazi hiyo alama za kumwezesha kufundisha chuo kikuu. Akaenda kuongoza kliniki ya macho katika mji wa Jönköping, akaendelea kutibu na kuandika. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Australia aliitafsiri tasnifu ile kwa Kiingereza, na madaktari wengi zaidi wakaifahamu. Mwaka 1961 Sweden ilimpa Sjögren heshima ya uprofesa. Alifariki mwaka 1986, akiwa na miaka 87.

Sjögren aliona tezi zimeharibika. Sababu ilikuja kueleweka zaidi na waliomfuata. Kwa kawaida mwili hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana na vijidudu. Katika ugonjwa huu, baadhi ya askari hao hugeukia mwili wenyewe. Chembe za kinga huvamia tezi, na mate na machozi hupungua. Kingamwili mbili zinazojulikana sana huitwa Ro na La. Hupimwa kwa damu, na humsaidia daktari kutambua ugonjwa.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si kurogwa. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

Kama una mimba, jambo hili linamhusu pia mtoto. Kingamwili za Ro hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia tumboni. Watoto wengi hawadhuriki. Lakini kati ya wajawazito 100 wenye kingamwili hizo, takriban 2 hupata mtoto ambaye moyo wake unapiga polepole kupita kiasi. Mama anaweza kuwa nazo bila kujua.

Kwa hiyo, ukienda kliniki ya wajawazito, usitaje moja ukaacha mengine. Mwambie muuguzi yote kwa pamoja: kinywa kikavu, macho yanayowasha, viungo vinavyouma. Mweleze pia kama uliwahi kuzaa mtoto mwenye tatizo la moyo. Ukionekana kuhitaji kipimo, zahanati itakupa rufaa ya hospitali. Kingamwili zikipatikana, daktari ataweza kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto kwa karibu, hasa kati ya wiki ya 16 na ya 26.

Wakati huo huo, kunywa maji kidogo kidogo, punguza soda na pipi, na piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kwa sababu meno yasiyo na mate huoza upesi. Bibi au mama mkwe unayemtunza akilalamika hivyo hivyo, mpeleke naye akapimwe.