Bob Hayes, mpokezi aliyebadilisha ulinzi

Sisi wanafunzi wa isimu tunafundishwa mapema kwamba lugha ni mfumo: sauti moja ikibadilika, zile zinazopakana nayo hazikai kama zilivyokuwa. Nimechagua kuandika maisha ya mchezaji, wala si ya mwandishi au mtaalamu wa lugha, kwa sababu katika maisha yake naona jambo hilohilo likitendeka uwanjani. Mtu mmoja aliingia katika mchezo, na wengine wote wakalazimika kujipanga upya. Hata hivyo, wenye mchezo walichukua miaka mingi kulikiri deni hilo.

Robert Lee Hayes, ambaye wengi walimwita Bob, alizaliwa tarehe 20 Desemba 1942 mjini Jacksonville, jimbo la Florida, Marekani. Wakati huo sheria za kusini mwa nchi hiyo ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni na hata ndani ya mabasi. Alipomaliza shule, timu za vyuo vikuu vikubwa vya weupe katika jimbo lake zilikuwa bado zimefungwa kwa mchezaji mweusi. Basi akaenda Florida A&M, chuo kikuu cha weusi kilichoko Tallahassee. Huko alicheza futiboli ya Kimarekani chini ya kocha Jake Gaither, na papo hapo akaendelea na riadha. Mwaka 1963 alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1, rekodi mpya ya dunia. Watu wakampa jina la Bullet Bob, yaani Bob Risasi.

Mwaka 1964 alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Katika fainali ya mita 100 alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo ilikuwa imevurugwa na washiriki wa mashindano ya kutembea. Inasimuliwa pia kwamba kiatu kimoja alichovaa siku hiyo kilikuwa cha kuazima. Alishinda kwa pengo la takriban mita mbili, na muda wake, sekunde 10.0, ulilingana na rekodi ya dunia. Siku chache baadaye, katika mbio za kupokezana vijiti, alipokea kijiti akiwa wa mwisho kukimbia katika timu yake, Marekani ikiwa nafasi ya tano. Akawapita wote, na timu ikaweka rekodi ya dunia. Wapo wanaosema kwamba hakuna mtu aliyewahi kukimbia kipande cha mita 100 namna ile.

Baada ya Tokyo alirudi kwenye futiboli, akajiunga na Dallas Cowboys, timu ya kulipwa iliyokuwa imemchagua katika duru ya 7. Kwa wasomaji wasioufahamu mchezo huo, nieleze kidogo. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, na ikifanikiwa hupewa mengine manne. Mchezaji mmoja, mrushaji, huweza kuutupa mpira mbele kwa mkono, na wenzake wanaokimbia kwenda kuudaka ndio wapokezi. Ninapendelea neno mpokezi kuliko mdakaji, kwa kuwa kudaka ni tendo la mikono peke yake, ilhali mpokezi huanza kazi yake kwa miguu: lazima kwanza amwache nyuma mlinzi wake. Katika maisha ya Hayes neno hilo linafaa mara mbili, kwani alipokea kijiti Tokyo, akapokea mpira Dallas.

Wakati huo walinzi wengi walizoea kumkaba mpokezi mtu kwa mtu: wewe na wako, mimi na wangu. Mpango huo ulifaa mradi mlinzi aweze kukimbia sawasawa na mpokezi. Lakini ni mlinzi gani angekimbia sawasawa na bingwa wa dunia? Katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1965, Hayes alipata yadi 1,003 na kufunga mara 12 kwa mipira aliyorushiwa. Msimu uliofuata alipata yadi 1,232 na kufunga mara 13. Hakuna aliyempita katika ligi kwa kufunga namna hiyo katika misimu hiyo miwili.

Timu pinzani zililazimika kutafuta jibu. Ulinzi wa kugawana maeneo, ambamo kila mlinzi huchunga sehemu ya uwanja badala ya kumfuata mtu, ulikuwepo kabla ya Hayes. Lakini wanahistoria wa mchezo humtaja yeye miongoni mwa sababu kuu za kuenea kwake. Wengine walijifunza kumsukuma palepale mwanzoni, kabla hajashika kasi. Nacho kile alichokibadilisha hakikumhusu yeye peke yake: kila mpokezi aliyekuja baada yake alikuta ulinzi umekwisha kupangwa kwa kuogopa watu wa aina yake.

Hayes alikuwa na udhaifu wake pia. Tarehe 31 Desemba 1967 Dallas walicheza fainali ya ligi mjini Green Bay katika baridi ya takriban nyuzi 25 chini ya sifuri. Walinzi wa Green Bay walitambua kwamba Hayes alipojua mpira hautakuja kwake, aliingiza mikono ndani ya suruali ili kuipasha joto. Mikono ikiwa nje, walijua ajiandae nani. Mwili wake ulitoa habari ambayo kinywa chake kisingeitoa. Dallas walishindwa kwa 21 dhidi ya 17.

Mwezi Januari 1972 Dallas waliwashinda Miami Dolphins 24 kwa 3 katika Super Bowl, na Hayes akawa mtu wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki na taji hilo. Alistaafu baada ya msimu wa 1975, akiwa na yadi 7,414 na mabao 71 ya mipira aliyodaka. Wastani wake ulikuwa yadi 20, sawa na mita 18 hivi, kila alipopokea mpira.

Kisha mambo yakaharibika. Alizama katika pombe na dawa za kulevya. Mwaka 1979 alikiri mahakamani kwamba alimpa askari kanzu dawa za kulevya, akakaa gerezani miezi 10 hivi. Tangu hapo jina lake halikutajwa bila kesi hiyo kutajwa. Alifariki Jacksonville tarehe 18 Septemba 2002, figo zikiwa zimeshindwa kufanya kazi, akiwa na umri wa miaka 59. Jumba la Heshima la mchezo huo, lililoko Canton, Ohio, lilikuwa bado halijampokea. Mwaka 2004 alipendekezwa, akakosa kura za kutosha. Alipokelewa mwaka 2009.

Siku uchaguzi huo ulipotangazwa, ilisomwa hadharani barua ya shukrani iliyosemekana kuwa yake, yenye tarehe ya mwaka 1999. Baadaye ilionekana kwamba imechapwa kwa herufi za Calibri, ambazo umma ulianza kuzipata mwaka 2007. Huenda ilichapwa upya kutoka nakala nyingine, shaka ilibaki. Ndiyo maana katika makala hii sikumwekea neno lolote kinywani. Mwanafunzi wa lugha anajua kwamba andiko lisilo na asili iliyothibitishwa si ushahidi, hata likimgusa moyo.

Ushahidi wa Hayes ninautafuta kwingine. Makocha waliokabiliana naye walikuwa wamekwisha kumpigia kura tangu miaka ya 1960, pale walipowaambia walinzi wao warudi nyuma hatua kadhaa kabla mchezo haujaanza.