Kim Perrot, mfupi aliyewalisha mastaa wa Houston

Mliokuwa mkipanda magari Makambako kwenda Sabasaba, Njombe, msimu wa 2017/18 kuiona Njombe Mji ikicheza Ligi Kuu, mnaujua utamu wa timu ambayo hakuna aliyeitegemea kufika pale. Leo tuache soka kidogo. Kuna dada wa Marekani, mcheza kikapu, aliyeingia ligi kwa mlango wa namna hiyo. Ila Njombe Mji ilishuka msimu uleule, yeye alipoingia hakutoka mpaka amekuwa bingwa.

Kim Perrot alizaliwa Januari 18, 1967 mjini Lafayette, jimbo la Louisiana. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 165 tu. Kwenye kikapu, hapo watu wanakuambia kaa benchi ulinde mabegi. Lakini chuoni kwao Lafayette alikuwa mashine ya kufunga. Msimu wa 1989/90 alimaliza na wastani wa pointi 30 kwa mechi, akaongoza vyuo vikuu vyote vya Marekani kwa wanawake. Mechi moja ya Februari 1990 alifunga pointi 58, peke yake!

Baada ya chuo, kwao hakukuwa na ligi ya kulipwa ya maana kwa wanawake, hivyo akaenda kutafuta riziki Ulaya na Israel. Miaka ikapita. WNBA ilipoanza mwaka 1997 alikuwa na miaka 30, na siku timu zilipochagua wachezaji hakuna iliyomtaja. Akaenda Houston Comets kufanya majaribio kama kijana wa mchangani, akapata namba.

Hapa ndipo ninapompendea. Comets walikuwa na Cynthia Cooper, Sheryl Swoopes na Tina Thompson, na wote hao wanataka mpira. Sasa mtu aliyezoea kufunga 30 kila mechi afanye nini? Perrot akakubali kuwa mchezeshaji. Kwa lugha yetu, ni straika aliyerudishwa namba sita na hakununa. Alipandisha mpira, akawalisha wenzake, na kwenye kukaba alikuwa kero kwelikweli. Comets wakatwaa ubingwa 1997 kwa kuifunga New York Liberty 65-51. Msimu wa 1998 wakashinda mechi 27 kati ya 30, wakabeba tena, na kwenye kura za beki bora wa ligi Perrot akashika nafasi ya pili nyuma ya Teresa Weatherspoon wa Liberty.

Februari 1999 akagundulika ana saratani ya mapafu, tayari imeshafika kwenye ubongo. Akafanyiwa upasuaji wa kichwa. Msimu ukaanza bila yeye, na Agosti 19, kabla haujaisha, akafariki dunia Houston. Alikuwa na miaka 32.

Wenzake walikuwa na fainali ya kucheza. Septemba 4, Comets wakiwa sekunde chache tu wawe mabingwa, Weatherspoon akarusha mpira kutoka katikati ya uwanja, ukaingia, Liberty wakasawazisha 1-1. Uwanja wa Houston ukawa kimya kama msibani, na kweli walikuwa na msiba. Kesho yake mashabiki wakarudi, wakaimba jina la Kim, na Comets wakashinda 59-47. Ubingwa wa tatu.

Jezi yake namba 10 ikastaafishwa. Comets wenyewe walivunjwa mwishoni mwa 2008, lakini tuzo ya uungwana ya WNBA bado inaitwa kwa jina lake.