Thomas Edison na Motokaa ya Umeme

Katikati ya mwaka 2022 bei ya petroli mjini Kampala ilipanda hata ikapita shilingi 6,000 kwa lita moja. Mwaka mmoja kabla yake lita hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa shilingi 4,000 na kitu. Nauli za taksi zikapanda, waendesha boda boda wakanung'unika, na askari anayesafiri kila siku kwenda kambini au kituoni akaona sehemu kubwa ya mshahara wake ikiishia barabarani. Tangu hapo swali moja limekuwa midomoni mwa watu wengi: je, chombo kinachokwenda kwa umeme humwokolea mwenyewe fedha, au hayo ni maneno ya wauzaji tu? Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Yuko mtu mmoja mashuhuri aliyelihangaikia kwa muda wa miaka kumi, akalitupia zaidi ya dola milioni moja. Mtu huyo ni Thomas Alva Edison, yule yule anayesifiwa kwa taa ya umeme.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, nchini Marekani, akiwa kitinda mimba wa watoto saba. Shuleni hakukaa ila kwa muda mfupi sana. Mama yake, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani. Alipokuwa na miaka 12 hivi alianza kuuza magazeti na peremende ndani ya gari la moshi lililokwenda kati ya Port Huron na Detroit. Masikio yake yalikuwa mazito tangu ujana, na hali hiyo ilizidi kadiri alivyozeeka. Kisha akajifunza kupeleka habari kwa telegrafu, akazunguka mji hadi mji akiifanya kazi hiyo kwa zamu za usiku. Askari wa vikosi vya mawasiliano watapendezwa kujua kwamba riziki ya mvumbuzi huyu mkubwa ilianzia katika kazi iliyo ndugu ya kazi yao.

Mambo yaliyomletea sifa yameandikwa mara nyingi, nami nitayapita upesi. Mwaka 1876 alijenga karakana yake ya uvumbuzi huko Menlo Park, jimbo la New Jersey. Mwaka 1877 akatengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuitoa tena. Mwaka 1879 akapata taa ya umeme iliyoweza kuwaka kwa saa nyingi, na tarehe 4 Septemba 1882 akawasha kituo cha umeme cha Pearl Street mjini New York. Kwa jumla aliandikishiwa hati 1,093 za uvumbuzi katika nchi yake.

Jambo moja katika habari ya taa halifai kuachwa, kwa kuwa ndilo ufunguo wa habari ya motokaa. Kabla ya kuunda taa yake, Edison alikaa akachunguza hesabu za makampuni yaliyouza gesi ya kuwashia taa mijini. Alitaka kujua mwenye nyumba analipa kiasi gani kwa mwezi, ili umeme wake usimgharimu zaidi ya hapo. Hata waya wa shaba aliupimia fedha. Watu humdhania kuwa mchawi wa maabara, lakini kwa kweli alikuwa vile vile mtu wa daftari la mapato na matumizi.

Katika miaka ya 1890 alipoteza mali nyingi katika mradi wa kusaga mawe ili kupata chuma, mradi ulioshindwa kabisa. Katika miaka hiyo hiyo, mnamo Agosti 1896, alikutana katika karamu moja ya watu wa umeme huko New York na kijana aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya umeme ya Detroit iliyoitwa kwa jina la Edison. Kijana huyo alikuwa Henry Ford. Miezi michache nyuma alikuwa ameunda kigari chake cha kwanza cha petroli. Edison akamsogeza karibu na sikio lake, akamhoji habari za injini hiyo, kisha akapiga meza kwa ngumi na kumhimiza asiiache kazi hiyo. Alimweleza kwamba gari la umeme halina budi kukaa karibu na kituo cha umeme, na kwamba betri ni nzito mno, hali gari la petroli hubeba nguvu zake lenyewe. Ford hakuyasahau maneno hayo maishani mwake. Aliyeonekana kuyasahau ni Edison, maana haikupita miaka mitatu akaanza kutafuta betri ya kuishinda petroli.

Hakuwa mjinga kufanya hivyo. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda motokaa 4,192. Kati ya hizo, 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme, na 936 tu kwa petroli. Gari la petroli lilikuwa na kelele na harufu mbaya, na kuliwasha kulihitaji hendeli ya mkono ambayo iliweza kurudi nyuma kwa ghafula na kumvunja mtu mkono. Gari la umeme liliondoka kimya. Adui yake alikuwa ndani ya tumbo lake: betri ya risasi, madini yale yale yanayotumika katika risasi za bunduki, iliyotumbukizwa katika tindikali kali. Ilikuwa nzito na iliharibika mapema, na kila ilipokufa, akiba yote aliyoipata mwenye gari ililiwa na betri mpya.

Edison akaazimu kuitupa risasi na tindikali. Alitaka betri ya nikeli na chuma, iliyokaa katika maji ya potasi, ambayo ingedumu kwa miaka mingi. Huko Uswidi, Waldemar Jungner alikuwa akifuata njia hiyo hiyo, na wawili hao wakashindana kuhusu haki ya uvumbuzi. Wafanyakazi wa Edison katika karakana ya West Orange walifanya majaribio kwa maelfu, usiku na mchana. Mwaka 1901 akaanzisha kampuni ya betri, na baada ya miaka michache betri zikawa sokoni.

Hapa lazima tuseme kwamba mzee alikuwa na haraka ya kujisifu. Aliwaambia waandishi wa magazeti kuwa shida ya gari la umeme imekwisha, kumbe haijaisha. Betri zikaanza kuvuja na kupungukiwa nguvu. Lakini alilolifanya baada ya hapo ni la kiungwana. Alisimamisha kiwanda, akazirudisha betri zilizouzwa kwa kuwalipa wanunuzi fedha zao, ingawa wako walioridhika nazo na kutaka zaidi. Kisha akaanza upya. Ilimchukua hadi mwaka 1909 kupata betri iliyomridhisha, na hiyo ilikuwa imara kweli: ilistahimili kutikiswa, ilistahimili kuachwa bila umeme, na nyingine zilitumika kwa makumi ya miaka. Gari la Detroit Electric lililofungwa betri ya Edison lilikwenda kilomita 340 bila kujazwa tena katika jaribio moja, ingawa katika matumizi ya kawaida mwenye gari alitegemea kilomita 130 hivi.

Ila miaka ile kumi haikumngoja. Mnamo Januari 1901 mafuta yalibubujika kwa wingi usio na kifani katika kisima cha Spindletop, Texas, na petroli ikawa rahisi. Mwaka 1908 Henry Ford, yule kijana wa karamuni, alitoa motokaa yake ya Model T kwa dola 850, na baadaye bei ikawa inashuka mwaka hata mwaka. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalitoka yakiwa na mtambo wa kuwashia injini uliobuniwa na Charles Kettering. Mtambo huo ulitumia betri na mota ndogo ya umeme, nao ukaiondoa ile hendeli ya kuvunja mikono. Hivyo umeme wenyewe ukaja kuisaidia petroli.

Betri ya Edison iliongeza kiasi cha dola 600 juu ya bei ya gari la umeme. Ilipofika mwaka 1916, motokaa nzima ya Ford ilinunuliwa kwa fedha pungufu ya hizo. Mnunuzi wa kawaida hakujali kwamba betri ile ingedumu kuliko gari lenyewe. Hakuwa nazo dola 600 mkononi, basi. Mwaka 1914 Edison na Ford, ambao sasa walikuwa marafiki wakubwa, walitangaza kwamba wataunda pamoja gari la umeme la bei nafuu. Magari ya majaribio yalijengwa, lakini hayakufika sokoni. Mke wa Ford, Bibi Clara, aliendelea kuendesha gari lake la umeme la Detroit Electric, wakati mumewe akiijaza dunia magari ya petroli.

Wanajeshi nao wana sehemu katika habari hii. Mwaka 1915 Edison alifanywa mwenyekiti wa baraza la wataalamu la kulishauri jeshi la majini la Marekani. Katika nyambizi za siku zile maji ya bahari yalipoingia ndani ya betri za tindikali, yalitoa hewa ya klorini yenye sumu, na mabaharia waliweza kufa humo. Betri ya Edison haikuwa na tindikali, kwa hiyo alitumaini jeshi lingeinunua kwa wingi. Ikafungwa katika nyambizi E-2. Tarehe 15 Januari 1916, nyambizi hiyo ikiwa gatini Brooklyn kwa matengenezo, haidrojeni iliyotoka katika betri ililipuka na kuua watu. Edison aliamini hewa ile haikupewa njia ya kutosha ya kutokea. Jeshi halikutaka tena betri zake.

Hata hivyo, gari la umeme halikushindwa kila mahali. Lilishinda palipokuwa na gari la mizigo linalofuata njia ile ile kila siku na kulala katika banda lile lile kila usiku. Mjini Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ilibuni mpango wa ajabu katika miaka ya 1910. Mwenye lori alinunua lori bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni. Ilipoishiwa nguvu, lori liliingia bandani, betri ikatolewa na nyingine iliyojaa ikawekwa, na mteja akalipa kwa kadiri ya maili alizokwenda. Mzigo wa dola 600 ukaondolewa shingoni mwake.

Mpango huo ndio tunaouona Kampala leo kwa boda boda za umeme. Mwendeshaji huingia kituoni, huacha betri tupu, huchukua iliyojaa, hulipa na kwenda zake. Na tukiifungua hesabu kama Edison alivyoifungua ile ya gesi, tutaona hivi. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu yuniti 9 za umeme, lakini injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto, ikabaki robo tu ya kusukuma magurudumu. Mota ya umeme haipotezi hivyo; yuniti 3 kutoka katika waya, pamoja na zinazopotea katika kuchaji, hufanya kazi ya lita nzima. Katika miaka ya 2022 hadi 2025 yuniti ya umeme wa nyumbani nchini Uganda iliuzwa kati ya shilingi 700 na 850 hivi. Basi kazi iliyohitaji petroli ya shilingi 5,000 au 6,000 ilifanywa na umeme usiozidi shilingi 2,600. Tena umeme huo watoka katika maji ya Nile yetu, tangu bwawa la Owen Falls la mwaka 1954 hadi Karuma lililozinduliwa mwaka 2024, wakati petroli husafirishwa kwa njia ndefu kutoka bandarini Mombasa, na ugomvi wowote mpakani huipandisha bei.

Lakini hesabu ya nishati peke yake ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni bei ya kununulia chombo na umri wa betri. Anayekwenda kilomita nyingi kila siku, kama mwendesha boda boda, hurudisha fedha zake mapema. Askari mwenye gari linalolala uani juma zima na kutoka Jumapili hana petroli ya kutosha ya kuokoa; kwake gari la umeme la bei kubwa ni hasara. Basi la mjini liko upande wa mshindi, na ndiyo sababu kampuni ya Kiira Motors, iliyotokana na gari la Kiira EV la Makerere la mwaka 2011, ilitia nguvu katika mabasi ya Kayoola. Baadhi ya mabasi hayo ya umeme yaliundwa Nakasongola, katika kiwanda cha Luwero Industries kilicho chini ya shirika la NEC la jeshi letu.

Tumrudie Edison. Biashara ya betri haikufa pamoja na gari la umeme. Iliwasha taa za mabehewa ya reli, ishara za njia za treni na taa za kichwani za wachimba migodi, nayo mwishowe ikamrudishia fedha zake na faida juu. Desemba 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya viwanda vyake vya West Orange, naye akiwa na miaka 67 akavijenga tena. Alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, na siku ya maziko yake Wamarekani wengi walizima taa zao kwa muda mfupi usiku ili kumheshimu.

Wakati huo magari ya umeme yalikuwa yamekaribia kutoweka barabarani. Kampuni ya Detroit Electric ilifunga milango mwaka 1939. Kiwanda cha betri kiliendelea bila mwenyewe kwa miaka 40 na zaidi. Mwaka 1972 kilinunuliwa na kampuni ya Exide, iliyokuwa ikitengeneza betri za risasi. Mwaka 1973 nchi zenye mafuta zilipandisha bei, na madereva wa dunia nzima wakapanga foleni mbele ya vituo vya petroli. Mwaka 1975 Exide ikaacha kuitengeneza betri ya Edison.