Maisha ya Babe Ruth, Mpigaji wa Mpira

Katika mji wa Baltimore, ambao ni mji wa bandari upande wa mashariki wa Marekani, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 6 Februari, mwaka wa 1895. Akaitwa George Herman Ruth, sawasawa na baba yake. Baba alikuwa na duka la pombe karibu na bandari, na kazi ya duka iliwashika wazazi wote wawili mchana na usiku. Basi mtoto akalelewa na njia. Alipotimiza miaka saba alikuwa amekwisha jifunza kutoroka shule, kuiba vitu vidogo vidogo, na kutafuna tumbaku kama baharia. Wazazi wakaona wameshindwa. Mwaka wa 1902 wakampeleka katika shule ya St. Mary's, iliyokuwa ya wavulana wakaidi na mayatima, chini ya uangalizi wa Mabruda wa Kikatoliki. Huko akakaa, akitoka na kurudishwa, hata akawa kijana wa miaka 19.

Katika shule hiyo kila mvulana alifundishwa kazi ya mikono. Ruth aliwekwa katika chumba cha washonaji, akajifunza kushona mashati, na hata alipokuwa mtu mwenye fedha nyingi hakuona haya kuitaja kazi hiyo. Lakini mwalimu aliyemgeuza moyo alikuwa Bruda Matthias, mtu mrefu sana mwenye nguvu na maneno machache. Jioni Bruda huyo alikuwa akishika gongo kwa mkono mmoja tu na kuupiga mpira ukaruka juu kupita kiasi, na wavulana wote wakasimama wakitazama mbingu. Ruth alitamani kupiga vile vile. Tangu siku hizo hakuacha kupiga kwa nguvu zake zote, awe atapata au atakosa.

Kabla ya kuendelea imetupasa kuueleza mchezo wenyewe, maana huku kwetu haujulikani sana. Besiboli huchezwa na timu mbili, watu tisa kila upande. Uwanjani pana vituo vinne, vimewekwa kama pembe za mraba, na toka kituo hata kituo ni futi 90. Mtupaji wa timu moja huutupa mpira kwa kasi au kwa hila, na mpigaji wa timu ya pili humngojea katika kituo cha nyumbani, gongo mkononi. Akikosa mara tatu, ametoka. Akiupiga vema hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu. Na kila arudiye salama nyumbani ameipatia timu yake alama moja. Mtupaji akitupa vibaya mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Watatu wakiisha kutoka, timu ya pili hushika magongo, na kila timu hupata zamu tisa. Lakini mpigaji akiupiga mpira hata ukavuka ua wa uwanja, hapana awezaye kuudaka. Yeye huvizunguka vituo vyote kwa raha, na wenzake waliokuwa vituoni hurudi nyumbani mbele yake, hata pigo moja laweza kuleta alama nne. Wamarekani huliita homurani. Sisi tutaliita pigo kuu.

Mwaka wa 1914 Jack Dunn, mwenye timu ya Baltimore, alikuja shuleni akamtaka kijana huyu. Kwa kuwa Ruth hakuwa bado mtu mzima mbele ya sheria, Dunn alipaswa kuwa mlezi wake, na wachezaji wakubwa wakacheka wakamwita mtoto mchanga wa Dunn. Ndiyo asili ya jina la Babe. Mwaka huo huo akauzwa kwa timu ya Boston, naye akawa mtupaji hodari. Katika mashindano ya ubingwa ya mwaka wa 1916 alitupa zamu 14 mfululizo, na timu yake ikashinda kwa alama 2 kwa 1. Kama asingalipiga pigo kuu hata moja maishani, jina lake lingalikumbukwa kwa kutupa.

Siku zile pigo kuu lilikuwa jambo la nadra. Mpira mmoja ulitumika muda mrefu hata ukawa mweusi na laini, na watupaji waliupaka mate na matope ili upinde njiani. Frank Baker, aliyesifiwa sana kwa mapigo makuu, hakupata kuzidi 12 katika mwaka mmoja. Hekima ya mchezo ilikuwa haba na haba hujaza kibaba. Mmoja huugusa mpira kidogo tu kwa gongo ili mwenzake asogee kituo, mwingine huiba kituo kwa mbio adui asipoangalia, na alama moja hutafutwa kama mtu atafutaye sindano. Bingwa wa hekima hiyo alikuwa John McGraw, kiongozi wa timu ya Giants ya New York. Naye aliijifunza Baltimore, mji ule ule wa Ruth, katika timu iliyotwaa ubingwa wa ligi miaka mitatu mfululizo, 1894, 1895 na 1896.

Boston wakaanza kumtumia Ruth kama mpigaji, na mwaka wa 1919 akapata mapigo makuu 29. Mwisho wa mwaka mwenye timu akamwuza kwa timu ya Yankees ya New York kwa dola 100,000. Mwaka wa 1920 watupaji wakakatazwa mate, isipokuwa wachache waliozoea tangu zamani. Tena mwezi wa Agosti mchezaji mmoja wa Cleveland, Ray Chapman, alipigwa na mpira kichwani akafa, na tangu hapo mipira michafu ikaondolewa upesi zaidi. Mwaka huo Ruth akapiga mapigo makuu 54. Katika ligi yake hapakuwa na timu nyingine hata moja, kwa watu wake wote pamoja, iliyofika hesabu hiyo! Watu zaidi ya milioni moja wakaja kuwatazama Yankees. Mwaka wa 1921 akapiga 59.

Hapo ndipo yalipozuka mabishano. Wazee wa mchezo walisema kwamba timu ya namna hii imeweka shamba lake lote chini ya wingu moja: mvua ikinyesha ni shibe, isiponyesha ni njaa. Vijana walijibu kwamba wingu lenyewe ni kubwa mno, litakosaje kunyesha? Jambo hilo lilijaribiwa mbele ya watu wote, kwa maana mwaka wa 1921 na mwaka wa 1922 Yankees walikutana na Giants wa McGraw kugombea ubingwa.

Mara ya kwanza Ruth aliumia mkono, ukafanya usaha, naye hakucheza siku zote. Giants wakashinda michezo mitano kwa mitatu. Mara ya pili alikuwa mzima, wala hapakuwa na udhuru. McGraw alikaa bencini akiwapa watupaji wake ishara. Aliwaamuru wasimpe Ruth mpira wa kasi, ila mpira wa polepole unaopinda na kushuka chini. Ruth alipiga kwa nguvu kama kawaida yake, akapiga hewa. Katika mara 17 alipata mapigo mawili tu, wala pigo kuu hata moja. Timu nzima ilipata alama 11 katika siku tano. Wakashindwa michezo minne na mmoja ukawa sare kwa ajili ya giza. Kwa hukumu yangu wazee walisema kweli juu ya timu ya mwaka ule, lakini si juu ya pigo lenyewe. Kosa halikuwa kupiga mbali. Wingu lilipokauka, hapakuwa na kisima.

Mwaka wa 1923 Yankees walijenga uwanja wao mkubwa ng'ambo ya mto Harlem, na siku ya kuufungua, tarehe 18 Aprili, Ruth akapiga pigo kuu. Timu zile mbili zikakutana mara ya tatu. McGraw alipata michezo miwili, na yote miwili aliipata kwa pigo kuu! Mpigaji alikuwa Casey Stengel, mtu wa miaka 33. Mara ya kwanza mpira haukuvuka ua, bali alivizunguka vituo vyote mbio kabla haujarudishwa. Mara ya pili uliruka ukaanguka nje. Hivyo adui wa pigo kuu naye aliokolewa nalo. Ruth akapiga matatu, tena akapewa kituo bure mara nane kwa sababu watupaji walimwogopa, na wenzake wakajua kuitumia hofu hiyo. Yankees wakawa mabingwa, michezo minne kwa miwili.

Yafaa kusema pia kwamba Ruth hakuwa mtu wa kiasi. Alikula kupita kiasi, alikesha, alidharau amri. Mwaka wa 1925 akaugua, akakosa michezo mingi, na timu ikaanguka hata nafasi ya saba. Kiongozi wake, Miller Huggins, mtu mfupi mwembamba ambaye Ruth alimzidi sana kwa mwili, akamfungia asicheze na kumtoza faini ya dola 5,000. Mwenye timu hakumtetea Ruth. Ruth akatii.

Mwaka wa 1926 likatokea jambo la ajabu. Katika ubingwa dhidi ya timu ya St. Louis, Ruth alipiga mapigo makuu manne. Siku ya mwisho, zamu ya tisa, Yankees walipungukiwa alama moja tu, na wawili walikuwa wamekwisha toka. Ruth akapewa kituo cha kwanza bure. Bob Meusel, mpigaji mzuri, akasimama na gongo lake. Ndipo Ruth akajaribu kuiba kituo cha pili, kama walivyofanya wazee. Mpira ukatupwa ukamtangulia, akatolewa, na ubingwa ukapotea palepale.

Mwaka uliofuata, 1927, ndio wa fahari yake. Alipiga mapigo makuu 60, hesabu isiyopitwa hata mwaka wa 1961. Lakini itazameni timu yenyewe. Nyuma yake alipiga Lou Gehrig, aliyepata 47, hata kumkwepa Ruth kukawa kumkimbia simba na kukutana na chui. Mbele yake alikuwako Earle Combs, mwenye mapigo madogo 200 na zaidi, na watupaji wao walikuwa bora katika ligi. Wakashinda michezo 110, kisha wakawapiga Pittsburgh minne kwa sufuri. Na mchezo wa nne uliishaje? Alama zilikuwa 3 kwa 3, zamu ya tisa. Combs akapewa kituo bure. Mwenzake akaugusa mpira kidogo akafika salama. Mpira ukamponyoka mtupaji, wote wawili wakasogea. Ruth akaogopwa, akapewa kituo makusudi. Gehrig akakosa mara tatu, na Meusel pia. Kisha mpira ukamponyoka mtupaji tena, na Combs akarudi nyumbani na alama ya ubingwa. Ruth alikuwa amesimama kituoni, hakupiga kitu.

Akaendelea kucheza hata mwaka wa 1935. Tarehe 25 Mei mwaka huo, akiwa mzito na magoti yamechoka, alipiga mapigo makuu matatu kwa siku moja mjini Pittsburgh, na baada ya siku chache akaacha mchezo. Jumla alipiga 714, na Henry Aaron ndiye aliyempita, mwaka wa 1974. Lakini pia alikuwa amekosa na kutolewa mara 1,330, kuliko mtu yeyote kabla yake.

Baadaye akashikwa na kansa ya koo. Mwezi wa Juni 1948 alikuja mara ya mwisho katika uwanja wa Yankees, amekonda, akiegemea gongo kama mkongojo. Tarehe 16 Agosti akafa, umri wake miaka 53. Jeneza lake likawekwa penye uwanja huo, na watu maelfu kwa maelfu, wazee na watoto, wakapita mbele yake kumwaga.