Mohamed Amin
Mohamed Amin (Nairobi, 29 Agosti 1943 – Komoro, 23 Novemba 1996) alikuwa mpiga picha na mwandishi wa habari za televisheni kutoka nchini Kenya.

Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya Camerapix jijini Dar es Salaam, kisha akaihamishia Nairobi. Oktoba 1984 alirekodi njaa huko Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha hizo zilileta michango mingi kutoka duniani kote, na mwaka 1985 likafanyika tamasha la Live Aid.

Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha jijini Addis Ababa, lakini alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia.

Alifariki wakati ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilipotekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja.