Kambarage wa Butiama na ngoma zetu

Wadau, Mwalimu Nyerere tunamjua kwa siasa. Leo tumwangalie kama mtoto wa Kizanaki aliyeipigania ngoma, maana habari hii vijana wengi wa Mara hawana.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito na mama Mgaya wa Nyang'ombe. Siku hiyo mvua ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alichunga mbuzi, na meno yake ya mbele yakachongwa kama mila ilivyotaka. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alianza shule Mwisenge, pale pale Musoma mjini. Baadaye ikawa Tabora, kisha Makerere, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uingereza.

Msomi wa namna hiyo zamani zile alitegemewa arudi akicheza dansi za kizungu na kuiona ngoma ya kijijini ni ushamba. Yeye alirudi na mawazo mengine.

Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba ile aliwapa vidonge vyao wasomi wenzake: mnajua rumba, waltz na twist, lakini ni wangapi wanajua gombe sugu au lele mama? Kwake taifa lisilo na utamaduni wake halina roho. Yeye mwenyewe alipenda bao, na alitafsiri tamthilia za Shakespeare kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza.

Basi yote yalikwenda sawa? Hapana. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta uchifu, na kaka yake Edward Wanzagi alikuwa chifu pale pale Butiama. Nia ilikuwa kujenga taifa moja, lakini ngoma na matambiko yaliyosimamiwa na machifu yalipoteza mwenyewe. Ngoma nyingi zikahamia uwanja wa ndege na majukwaani, kupokea wageni na kusifu viongozi. Na utamaduni wenyewe ukawa unahamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine. Hata hivyo tulipata Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa.

Tazameni wenzetu wa Moroko. Kuna watu wanaitwa Wagnawa, asili yao ni watumwa waliotolewa Afrika ya kusini mwa Sahara. Walibaki na muziki wao: gambusi la nyuzi tatu liitwalo guembri, kayamba za chuma, na ngoma ya kuponya wagonjwa inayokesha mpaka asubuhi. Miaka mingi walidharauliwa. Mwaka 1998 likaanza tamasha lao mjini Essaouira, na mwaka 2019 UNESCO ikauandika muziki huo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kilichowabeba ni kwamba mzee alimfundisha kijana, na kijana akakubali kukaa chini kujifunza. Serikali ilikuja baadaye sana.

Sisi tuna litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo wa Rorya, yenye nyuzi nane. Lakini kwenye harusi za Bunda na Musoma mnasikia nini? Spika kubwa na Bongo Fleva. Bongo Fleva si dhambi, ila mpiga litungu akifa bila mwanafunzi, amekwenda na kila kitu.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama, na makumbusho yake yapo pale. Kijana ukienda kutazama vitu vyake, usiishie getini. Wazee wa kijiji wapo, na simu yako inarekodi. Muulize babu yako ngoma aliyoicheza akiwa kijana ilikuwa ipi, halafu muombe akufundishe. Wizara haiwezi kukufanyia hiyo kazi.

Haya wadau, kwenu wanacheza ngoma gani na nani bado anaijua? Tuambieni.